Albarracín: watu elfu moja ndani ya kuta za jiji

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Nilikuwa nafuatilia ramani ya Hispania upande wa mashariki, mkoa wa Teruel, nikakutana na jina Albarracín. Nimesoma kwamba ni manispaa ya watu kama elfu moja tu. Hapa kwetu Morogoro watu elfu moja hawajazi hata mtaa. Inakuwaje paitwe manispaa? Tena picha zinaonyesha kuta ndefu zinazopanda mlima, na kanisa kuu la askofu. Nani alizijenga, na alikuwa anamwogopa nani? Halafu jina lenyewe mbona linasikika kama Kiarabu? Na leo wanaishi kwa kazi gani?"

Marahaba. Nianze na neno manispaa, kwa sababu ndilo linalotatiza wengi. Kwetu manispaa ni cheo: mji hukua, ukafikia kiwango, ukapandishwa. Hispania haina ngazi hiyo. Kule nchi nzima imekatwa vipande, zaidi ya 8,100, na kila kipande ni municipio, kiwe kikubwa au kidogo. Madrid yenye watu zaidi ya milioni tatu ni municipio. Illán de Vacas, mkoani Toledo, ambako wakazi hawafiki kumi, nako ni municipio, na kuna meya wake. Karibu vipande 5,000 kati ya hivyo vina watu chini ya elfu moja. Kwa hiyo Albarracín, kwa hesabu ya kwao, si kituko. Palipo na kituko ni kwenye ardhi: eneo lake ni kama kilomita za mraba 450, zaidi ya robo ya kisiwa cha Unguja, na ndani yake wanaishi watu wawili na kidogo kwa kila kilomita ya mraba. Yaliyobaki ni misonobari, mawe na kondoo.

Sasa tazama mahali penyewe, maana bila kupaona historia yake haitakuingia. Kutoka Teruel, makao makuu ya mkoa, unakwenda magharibi kilomita 40 hivi ukifuata bonde la mto Guadalaviar. Bonde linabanwa polepole mpaka linakuwa korongo. Hapo mto unajipinda kama kitanzi na kuuzunguka mwamba karibu pande zote, ukiacha shingo moja tu ya nchi kavu kuelekea mlimani. Juu ya mwamba huo, karibu mita 1,170 kutoka usawa wa bahari, ndipo mji ulipo. Pande tatu unalindwa na mto na majabali, bila gharama. Upande wa nne ndio uliohitaji ukuta, na ndiyo maana unauona ukuta ule pichani ukipanda mlima mtupu usio na nyumba hata moja. Haukujengwa kuzingira nyumba. Ulijengwa ili adui asipate pa kusimama juu ya vichwa vya wakazi. Kileleni kuna mnara uitwao Andador, na ni wa zamani kuliko sehemu kubwa ya ukuta unaoushikilia.

Nyuma ya mji inaanza safu ya milima iitwayo Montes Universales. Hapa naomba unisubiri kidogo, kwa sababu jambo hili nalipenda. Katika milima hiyo, ndani ya eneo unaloweza kulizunguka kwa gari siku moja, huanzia mito inayokwenda bahari mbili tofauti. Guadalaviar wenyewe unateremka mashariki hadi Teruel, hapo unabadili jina na kuitwa Turia, unageuka kusini, kisha unaingia Mediterania karibu na Valencia. Cabriel na Júcar nayo inaelekea Mediterania. Lakini katika kijiji jirani cha Frías de Albarracín kuna chemchemi ya mto Tajo, na Tajo unageuka magharibi, unasafiri kilomita zipatazo 1,000 na kumwaga maji yake Lisbon, kwenye Atlantiki. Ndiyo bandari ile ile ambayo Vasco da Gama aling'oa nanga mwaka 1497, na mwaka uliofuata akatia nanga Mombasa na Malindi. Kwa maana hiyo, maji yaliyobeba merikebu zake mpaka baharini yalikuwa na sehemu iliyotoka kwenye theluji ya milima hii.

Tuje kwenye jina. Sikio lako halikukudanganya. Mwaka 711 majeshi ya Waislamu yalivuka kutoka Afrika Kaskazini kuingia Hispania, na wengi wa wapiganaji wake walikuwa Waberberi. Ukoo mmoja wa Waberberi wa kabila la Hawwara, Banu Razin, yaani wana wa Razin, ulikuja kukaa katika milima hii. Kwa muda mrefu walitawala kwa jina la Córdoba, makao makuu ya dola ya Kiislamu ya Hispania. Córdoba ilipoparaganyika katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1009, kila mwenye ngome akajitangazia utawala wake. Huku milimani Hudhayl ibn Razin alifanya hivyo mapema kabisa, mnamo mwaka 1012.

Dola hizo ndogo ndogo wanahistoria wa Hispania huziita taifa. Ndiyo, neno lile lile. Asili yake ni Kiarabu, lenye maana ya kundi au upande wa watu. Waswahili tulilichukua tukalikuza likawa nchi nzima na wananchi wake. Wahispania walilichukua wakalibakiza na maana ya kipande kilichomeguka. Ukilisoma neno taifa katika historia ya Hispania ukaliwaza kwa maana yetu, utapotea. Ukilikumbuka kama kikundi kilichojitenga, kila kitu kinakaa sawa.

Na si neno hilo peke yake. Meya wa kijiji cha Hispania huitwa alcalde, na asili yake ni al-qadi, kadhi wetu. Birika letu lipo kule kama alberca, bwawa la kuhifadhia maji. Sukari ni azúcar. Taarifa imekuwa tarifa, orodha ya bei. Guadalaviar wenyewe ni wadi al-abyad, mto mweupe, na kila unapoona jina la Hispania linaloanza na Guad ujue kuna wadi ndani yake: Guadalquivir ni mto mkubwa, Guadalajara ni mto wa mawe. Naona wanafunzi wa historia kwetu wanakosa furaha kubwa wanapofundishwa Ulaya ya zamani kana kwamba ni nyumba isiyo na mlango wowote wanaoujua.

Mji wakati huo haukuitwa Albarracín. Uliitwa Santa María ya Mashariki, ili usichanganywe na Santa María ya Magharibi, ambayo leo ni Faro huko Ureno. Fikiria hilo: mji wa Kiislamu unaobeba jina la Bikira Maria, kwa sababu ya kanisa la Wakristo waliokuwapo. Watu wakazoea kusema Santa María ya Ibn Razin, mwisho Santa María ikadondoka na Razin akabaki. Ukoo wenyewe haukutawala hata miaka mia moja tangu ujitangazie uhuru.

Hudhayl alikuwa tajiri, na wanahistoria wa Kiarabu wa zama zile wanasimulia kwamba alimnunua mjakazi mmoja mwimbaji kwa dinari 3,000. Bei hiyo iliwashangaza hata watu wa wakati wake. Inatuambia mambo mawili: kwamba ngome hii ya milimani haikuwa pori la wachunga mbuzi tu, na kwamba binadamu waliuzwa humo. Mwanawe Abd al-Malik alitawala zaidi ya nusu karne, kuanzia 1045 hivi hadi 1103. Aliishi katikati ya wakubwa waliomzidi nguvu, akanunua amani kwa fedha. Mmoja wa aliowalipa ushuru ni Rodrigo Díaz, mpiganaji wa Kikristo anayejulikana kama El Cid, na jina lake hilo nalo ni sayyid, bwana. Mwaka 1104 Almoravid, dola ya Waberberi wapya kutoka Morocco, wakaumeza mji, na utawala wa Banu Razin ukaishia hapo.

Sasa nakuja kwenye swali lako la kanisa kuu. Jibu lake si la dini tu, ni la siasa pia.

Mnamo mwaka 1170 mji uliingia mikononi mwa kabaila wa Kikristo kutoka Navarra, Pedro Ruiz de Azagra. Hakuuteka kwa upanga. Aliupata kutoka kwa Ibn Mardanish, mtawala Mwislamu wa Valencia na Murcia, ambaye alikuwa anabanwa na Almohad, dola nyingine ya Waberberi kutoka Morocco iliyochukua nafasi ya Almoravid, na alihitaji marafiki Wakristo. Mwislamu anamkabidhi Mkristo ngome ili imsaidie dhidi ya Waislamu wengine. Ukifundishwa kwamba historia ya Hispania ilikuwa msalaba upande huu na mwezi mwandamo upande ule, ikumbuke Albarracín.

Azagra akajikuta kati ya mafahali wawili. Kaskazini na mashariki yake palikuwa na mfalme wa Aragón, magharibi mfalme wa Castilla, na wote wawili waliutaka mji. Alichofanya kilikuwa cha akili sana. Alikataa kuwa chini ya yeyote kati yao, akajiita mtumishi wa Santa María na bwana wa Albarracín. Yaani mkubwa wake ni Bikira Maria peke yake, na mfalme gani angethubutu kusema cheo hicho hakitoshi? Kisha mwaka 1172 akapata askofu wake. Tena askofu huyo hakuwekwa chini ya Zaragoza iliyokuwa ya Aragón, bali alisimikwa na askofu mkuu wa Toledo, upande wa Castilla. Kwa njia hiyo Aragón haikuweza kuingia kwa mlango wa kanisa, na Castilla haikuweza kuingia kwa mlango wa silaha. Mji mdogo wenye askofu wake ulikuwa na hadhi ya jiji, na jiji lina haki ya kusimama peke yake. Jengo unaloliona leo, kanisa kuu la San Salvador, kwa sehemu kubwa ni la karne ya 16, lakini sababu ya kuwapo kwake ni ule ujanja wa karne ya 12.

Uhuru huo ulidumu zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1220 Jaime I wa Aragón alikuja kuuzingira. Alikuwa mtoto wa miaka 12. Alishindwa, na baadaye mwenyewe alisimulia kwamba baadhi ya wakubwa katika kambi yake walikuwa wakiwapasha habari waliokuwa ndani. Mwanawe Pedro III hakurudia kosa la kutegemea shambulio. Mwaka 1284 aliufungia mji njia zote, akangoja. Njaa ikafanya ambacho ngazi na mawe havikuweza, na mji ukasalimu amri baada ya miezi kadhaa.

Umeuliza kuta zilijengwa kumwogopa nani. Kila kizazi kilikuwa na wake. Banu Razin waliwaogopa majirani zao Waislamu na Wakristo pia, na sehemu za kuta ni za karne yao, ya 11. Azagra aliwaogopa wafalme wawili. Na kuta ziliimarishwa sana katika karne ya 14, mji ukiwa tayari wa Aragón, kwa hofu ya Castilla, iliyopigana na Aragón kuanzia mwaka 1356 na kuendelea zaidi ya mwongo mmoja. Kisha mwaka 1469 Fernando wa Aragón akamwoa Isabel wa Castilla. Ndoa hiyo inasomwa kama mwanzo wa Hispania moja, lakini kwa Albarracín ilikuwa na maana nyingine: hapakuwa tena na wa kumwogopa. Mpaka ulioufanya mji uwe mkubwa ulikuwa umeondoka, na mwamba ule uliokuwa ngao ukabaki kuwa mahali pagumu kufika. Haki na sheria zake za pekee zilifutwa na mfalme Felipe II mwaka 1598.

Nisikimbie kabla ya kusema waliotolewa. Wayahudi walifukuzwa Hispania mwaka 1492. Waislamu waliobaki walilazimishwa kubatizwa, na wajukuu wao, walioitwa Morisco, wakafukuzwa nchini kati ya 1609 na 1614 ijapokuwa kwa karatasi walikuwa Wakristo. Gea de Albarracín, kijiji kilicho chini kidogo katika bonde lile lile, kilikuwa cha Morisco karibu chote. Watu waliojua kugawa maji ya mto huo shamba kwa shamba waliondoka kwa amri ya siku chache. Ukisikia leo bonde hilo linasifiwa kwa bustani zake, ukumbuke mikono iliyozitunza.

Na maji hapo yana historia ndefu kuliko wote hao. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo Warumi walichimba mfereji kutoka mto huu hapa Albarracín, ukapita Gea, hadi Cella, kilomita 25 hivi, sehemu kubwa yake ikiwa handaki ndani ya mwamba, na visima vya wima kila baada ya hatua kadhaa ili wachimbaji wapate hewa na kutolea kifusi. Sehemu kadhaa unaweza kuingia na kutembea ndani leo.

Baada ya mpaka kuondoka, kilichoulisha mji ni kondoo. Nchi ya juu vile haikubali kilimo kikubwa, majira ya joto ni mafupi na baridi ni kali. Huko huko mkoani Teruel, katika mji wa Calamocha, kipimajoto kiliwahi kushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, Desemba 1963. Lakini majani ya kiangazi ni mazuri. Basi wafugaji walichunga milimani wakati wa joto, na baridi ilipokaribia wakateremsha makundi yao hadi kusini, wengi wao Jaén huko Andalucía, safari ya wiki kadhaa kwa miguu katika njia za mifugo zilizolindwa kisheria, na majira ya machipuko wakarudi. Sufu ya kondoo wa merino ilisafirishwa mpaka Italia. Majumba yenye nembo za ukoo mlangoni ambayo umeyaona pichani, mengi ni fedha za sufu za karne ya 16 hadi ya 18.

Kuna urithi mmoja wa zama hizo ambao watalii hawaupigi picha, nami nauona mkubwa kuliko kuta. Vijiji vinavyouzunguka mji viliungana katika Comunidad de Albarracín, ushirika wa kumiliki na kutumia kwa pamoja misitu na machungo. Aragón ilikuwa na miungano kadhaa ya namna hiyo. Katika karne ya 19 serikali iliivunja, na kote Hispania ardhi ya wote ikauzwa kwa wenye fedha. Huu wa Albarracín ndio uliosalimika, na mpaka leo upo, unasimamia misitu yake. Anayejua migogoro ya nyanda za malisho hatashindwa kuelewa ni jambo zito kiasi gani kwa wafugaji kushika ardhi moja kwa pamoja kwa karne nyingi bila kunyang'anywa.

Sufu ikashuka thamani. Kisha ikaja vita ya wenyewe kwa wenyewe: Julai 1937 mapigano yaliingia ndani ya mji wenyewe, na majira ya baridi yaliyofuata mapigano ya Teruel yakaua maelfu, wengine kwa baridi tu. Baada ya hapo, miaka ya 1950 na 1960, vijana wakashuka kwenda viwandani Valencia, Zaragoza na Barcelona, wasirudi. Mkoa wote wa Teruel, uliokuwa na watu karibu robo milioni mwanzoni mwa karne ya 20, leo una kama 134,000. Wahispania wana jina la hali hiyo, España vaciada, Hispania iliyomwagwa ikabaki tupu. Watu wa Teruel walianzisha mwaka 1999 vuguvugu liitwalo Teruel Existe, yaani Teruel ipo, kudai reli, barabara na hospitali. Mwaka 2019 likapata kiti kimoja bungeni, na Januari 2020 Pedro Sánchez alichaguliwa waziri mkuu kwa kura 167 dhidi ya 165. Kura ya mbunge huyo mmoja ilikuwa kati ya hizo 167.

Lakini umaskini ule uliwaachia kitu. Hapakuwa na fedha za kubomoa, kwa hiyo mji wa kale ulibaki. Nyumba zake ni fremu za mbao zilizojazwa mawe na kukandikwa kwa jasi ya kienyeji, ambayo ina chuma ndani yake na kwa hiyo ni nyekundu-waridi. Ghorofa za juu zinatokeza nje kuliko za chini, mpaka katika vichochoro vingine mapaa yanakaribia kugusana. Mwaka 1961 mji ulitangazwa kuwa kumbukumbu ya kihistoria ya taifa, na mwaka 1996 ikaundwa Fundación Santa María de Albarracín, ambayo imekarabati kanisa kuu, minara na nyumba kadhaa kwa kutumia mafundi wa hapo hapo waliofundishwa upya kazi ile ya jasi na mbao. Ukarabati ukawa ajira, na majengo yaliyokarabatiwa yakawa mahali pa kozi, maonyesho na mikutano.

Leo basi wanaishi kwa wageni, kwa msitu, kwa mifugo na kwa kazi za mkono. Wageni wengine wanafuata mawe: kusini-mashariki mwa mji kuna msitu wa misonobari juu ya mwamba mwekundu wa mchanga, na wapanda-mawe wa Ulaya nzima huja hapo kuanzia majira ya vuli. Kwenye mwamba huo huo kuna michoro ya wawindaji na wanyama iliyochorwa maelfu ya miaka iliyopita, na ya hapa inatambulika kwa rangi nyeupe, kama mafahali wa Prado del Navazo. Eduardo Marconell aliitangaza mwaka 1892, na mwaka 1998 UNESCO ikaiingiza katika urithi wa dunia pamoja na michoro mingine ya pwani ya Mediterania ya Hispania.

Ukipata nafasi ya kwenda, pita kwanza Gea uone handaki la Warumi, na usiishie mjini. Panda mpaka kijiji kiitwacho Guadalaviar, karibu na mto unapoanzia, kuna makumbusho ya wachungaji. Ukifika Novemba huenda usiwakute wenyeji kadhaa: familia chache bado zinateremka Jaén na kondoo wao kabla ya theluji, na baadhi bado wanakwenda kwa miguu.